Mgeni wa Fundi Kamba

Tiketi elfu mbili, watoto mia tano,
na kijana wa mlangoni ananisomea masharti:
leo hapa Tongoni ni zamani.
Usimwite mtu kwa jina la nyumbani kwake.
Usiulize Coastal wamefungwa ngapi.
Ukiulizwa watoka wapi, sema mbali.

Nikaruka uzi wa katani uliofungwa mti kwa mti,
nikaingia karne sijui ya ngapi.

Msikiti hauna paa, lakini mtu anaufagia
kama anayejua paa litarudi kabla ya adhuhuri.
Tanurini wanachoma matumbawe yawe chokaa;
moshi ni wa kweli, na kikohozi ni cha kweli.
Mwanamkuu wa Makorora, muuza vocha,
leo binti wa waungwana, shanga hadi kifuani,
kanipita pua juu, hanijui,
na namdai elfu saba.
Simu ikalia ndani ya kaniki ya msaga mtama.
Akaikalia.

Nyuma ya kaburi la nguzo,
lile lenye mashimo ya bakuli zilizobanduliwa,
miguu kainyoosha juu ya mkeka,
baba yangu anasokota kamba ya usumba.

Miaka thelathini na mmoja kiwandani
mashine ilisokota katani, yeye akiitazama.
Sasa paja lake ndilo mashine.

Mimi naye hatusemi mwaka wa pili huu.
Udongo wa mama ulikuwa haujashikana
alipoleta mwingine ndani,
na mimi nikaleta mgongo.

Nilikuja kumwona kwa mbali tu, nirudi.
Watoto wa shule kutoka Pongwe wakanisukuma
mpaka ukingoni mwa mkeka,
naye akainua macho.
Masharti ni masharti.

"Karibu, mgeni. Watoka mji gani?"
"Mbali."
"Huko mbali, mvua mmepata?"
"Tumepata."
"Na yule mtoto wenu mwenye pumu?"
Nani kamwambia?
"Anakimbia siku hizi. Anashinda akikimbia."
Akatemea viganja mate, akaongeza nyuzi.

Kitoto kimoja kikauliza:
Babu, zamani mlikuwa na wake wangapi?
Wenzake wakaangua kicheko, mwalimu akakunja uso.
Baba hakucheka.

"Nilikuwa naye mmoja. Akafa masika yakianza.
Alikuwa kila akifunga mlango wa uani
hukohoa, kidogo, mara moja.
Nikakaa miezi minne
nasikia upepo unafunga mlango
na kikohozi hakiji.
Nikaoa upesi. Si kwa kumsahau, mgeni.
Niliiogopa nyumba."

Watoto ndio waliouliza,
lakini alisema mgeni.

Andikeni, mwalimu akasema.
Kalamu arobaini zikainama:
Watu wa kale walioa upesi
kwa sababu waliogopa nyumba.

"Shika huku," akaniambia, akanipa ncha.
Nikashika. Ilinuka makumbi
yaliyolala miezi mchangani.
Kamba hairefuki mpaka wa pili arudi nyuma,
basi nikarudi, yeye akisokota,
pima moja, pima tatu,
sura yake ikizidi kuwa ndogo
na mtetemo wa mkono wake ukinifika wote,
mpaka kisigino changu kikagusa uzi wa katani
na nyuma yangu kulikuwa na leo.

Saa kumi baragumu likalia.
Akavua kilemba, akavaa shati la kola iliyolika.
Tukakutana bombani, ananawa.
Sharti lilikuwa limekwisha
na ndimi zimerudi kuwa magunia.
Akachomoa unyuzi uliomganda kidoleni,
akautazama kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili.

"Umekuja na nini?"
"Bajaji."
"Nauli unayo?"

Ninayo.
Nikasema sina.