Pishi ya Mfuto

Saa tatu na robo. Akidi imetimia.
Naandika: Moshi, ukumbi wa manispaa,
wajumbe ishirini na mmoja, wenye udhuru watatu,
mmoja hana udhuru wala taarifa.
Mlima haukuonekana. Haukuwa kwenye ajenda.

Sheria ndogo ya vipimo, kusomwa mara ya pili.
Mwanasheria anasimama na miwani ya kuazima,
anasoma kifungu cha nne kama anayehesabu deni la mwenzake:
ni marufuku kufungasha, kupakia au kuuza
gunia la lumbesa, lenye kichwa, kilemba
ama nundu ya aina yoyote.
Diwani wa Njoro anauliza nundu ni nini kisheria.
Kicheko. Kicheko hakiandikwi.
Dakika arobaini tunajadili nundu.

Kwenye droo yangu kuna karatasi, kivuli cha kivuli,
tuliyopewa kozi ya makarani, Dodoma:
ukurasa wa daftari la bunge la Waingereza,
zama za mabwana wenye kola pana kama sahani.
Siku moja tu. Asubuhi, sala. Kisha
mswada wa daraja lililoliwa na mto,
mswada wa ngozi mbichi,
ombi la mjane, limeahirishwa,
na mswada wa kipimo cha ngano:
pishi ifutwe kwa ubao, isirundikwe.
Usomwe tena Alhamisi.

Karani hakuandika jina lake.
Nje ya ukurasa ule mfalme na bunge walikuwa wakinoleana visu,
yeye kaandika ngozi, kaandika daraja,
na pembeni pana doa,
sijui la wino au la supu.
Siku ndefu kama hizi namkumbuka
kama mtu wa meza ya pili.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," anasema Bi Eliaichi Lyatuu,
viti maalumu, sauti ya mtu aliyekwisha kuamka usiku,
"mimi nimelima viazi.
Gunia linaloishia mdomoni, hilo nimeuza.
Kinachopanda juu, kikashonewa wavu na kamba ya katani,
hicho ni ada ya mwanangu.
Mnauliza nundu ni nini?
Ng'ombe wangu amekonda.
Minofu yake mtaikuta pale juu."

Ukumbi ukanyamaza. Kalamu yangu pia.
Nikaandika: Mjumbe alichangia.

Mbwambo, mwenye fuso mbili, akapinga.
Mkibana hapa, mzigo utashukia Himo;
sheria ina mpaka, gunia lina magurudumu,
na umeme ukakatika papo hapo, kwenye "magurudumu",
feni zikajizungusha kwa mazoea, zikachoka.
Materu akazinduka, akasema ndiyo
kabla hajaulizwa.

Wanaoafiki? Ndiyooo.
Wasioafiki? Siyo, nyembamba, kama mlango wa kabati.
Nadhani waliosema ndiyo wameshinda.
Kifungu cha nne kimepita na marekebisho:
nundu imebaki,
kichwa kimekatwa.

Saa kumi na moja nakata kona Mbuyuni,
kumbukumbu mkobani, hazijasainiwa.
Magunia yamejipanga ukutani, kila moja na kilemba chake,
kama waheshimiwa wa kikao kingine
ambacho akidi yake haijawahi kupungua.

Namwambia Mwanahija sheria imepita leo.
"Leo?" Anajifuta mikono kwenye kanga.
"Na ile ya zamani imekwenda wapi?"

Sijui. Karatasi yangu inaishia kwenye Alhamisi,
na Alhamisi yenyewe sikupewa.

Anachota maharage, anajaza sado,
anapitisha kiganja juu yake mara moja,
sawasawa, mfuto,
hata yule karani wa mbali angeafiki.
Nami, wino bado kwenye kidole cha shahada,
nasikia mdomo wangu ukisema:
ongeza basi, mama.
Weka kichwa kidogo.