Ukakasi

Saiq, msimu wa makomamanga.
Bi Shinuna hatupi maganda:
huyaanika darini, huyatwanga,
humpa mbuzi kiganja kimoja, si viwili.

Niliyaonja. Ulimi ukanisinyaa
kama ngozi juani.
“Wewe huna matumbo manne,” akacheka.

Humo gizani majani yanamochachuka
mna umati usiohesabika,
wavunja nyuzi, wapuliza gesi,
wanaolifanya tumbo ngoma.
Ukakasi ukiwashukia
wengine hunyamaza,
wengine hujifunza kuula.

Mwaka jana mkono ulimzidi.
Siku mbili mbuzi hakucheua.
Shinuna alilala zizini, baridi ya mlima mgongoni,
sikio ubavuni mwa mnyama,
akiwasubiri wadogo wale
warudi kazini.

Alfajiri, ngurumo moja.
Akaenda kuchota maji.