Waya wa Tatu

Barke, mulika hapa. Usiguse bado.
Unaisikia hiyo nnnn ndani ya spika,
kama nyuki aliyefungiwa mtungini?
Bi Mwanamkuu anasema ni jini la ukumbi,
ameshaagiza chetezo na ubani.
Mwache afukize, harufu haidhuru mtu.
Sisi tufuate waya.

Amplifaya inakula umeme wa ukuta huu,
na ardhi yake imezikwa uani, kando ya kisima.
Mikisa inakula umeme wa jirani,
kwa waya mrefu uliopita dirishani
ukavuka kichochoro juu ya vichwa vya punda;
nayo ina ardhi yake, nondo nyingine
iliyopigwa kwenye vifusi vya matumbawe.
Ungedhani udongo ni udongo.
Huku una chumvi, una maji ya kisima,
kule mkavu kama unga uliosahaulika.
Ardhi mbili hazisemi namba moja, Barke,
na penye tofauti umeme haulali:
unapanda huku, unapita ganda la waya wa sauti,
unashukia kule, unarudi,
mara hamsini kwa sekunde.
Hicho ndicho kitanzi cha ardhi.
Aliyekipa jina hilo
sijui kama alifikiria shingo.

Sasa nikwambie nisilowahi kumwambia mtu hapa Mkomani.
Harusi ya kina Famau, mwaka wa mvua kubwa:
nilikuwa na bisibisi moja na kiburi cha mafundi watatu.
Wanaume hawaingii usiku wa kupamba,
kwa hiyo nikaitwa mimi, na nnnn ikanipokea mlangoni.
Nilifungua plagi.
Waya wa kahawia, wa buluu,
na ule wa kijani na manjano
ambao ukiutoa taa haizimiki, muziki haukatiki,
hakuna anayejua kama upo.
Nikaukata. Nikaufunga utepe. Nikafunga plagi.

Kimya.
Nilipigiwa vigelegele, wallahi,
nikafungiwa na pilau ya kwenda nayo nyumbani.

Saa nne na kitu Thureya, binti wa mamangu mdogo,
alitoka kunawa, mikono inachuruzika,
miguu mitupu kwenye sakafu ya marashi,
akashika maikrofoni.
Yeye hakupiga kelele. Spika zilipiga.
Vidole vilikataa kuachia.
Mwanamke mmoja, mpaka leo simjui jina,
aliruka juu ya mikeka akazima swichi ya ukutani
wakati mimi nimesimama na sahani yangu.

Baadaye nilifungua lile kasha.
Panya alikuwa ametafuna, umeme ukivuja kwenye bati,
na waya wa tatu miezi yote hiyo
ulikuwa ukiuchukua, ukiushusha chini,
bila kudai shukrani wala pilau.
Mvumo ulikuwa kero. Kero haiui.
Mimi niliuza kero nikanunua jeneza,
ila Mungu hakuniletea.

Vidole viwili vya Thureya havijui joto la kikombe.
Hunisalimu kwa mkono huohuo.
Sijui ni msamaha au ni ukumbusho.
Simuulizi.

Haya, vuta huo waya wa jirani, urudishe kwao, sema ahsante.
Mikisa na amplifaya, zote soketi hii,
njia moja, nondo moja.
Kabla ya hapo fungua kila plagi unionyeshe:
nataka kuiona kijani na manjano kwa macho yangu,
imekazwa, haijachubuka.
Washa.

Umesikia? Imepungua.
Imebaki kidogo, kama mtu anayewaza chumba cha pili.
Iache. Watacheza juu yake.
Ukipata fedha tutanunua transfoma ndogo ya njia ya sauti;
usipopata, heri mvumo.

Nipe testa.
Hapana, maikrofoni nitaigusa mimi,
kwa mgongo wa mkono, viatu nimevua.
Rudi nyuma, simama karibu na swichi.
Anayeimba leo ni Thureya,
naisikia bangili yake ngazini.