Niliandika "Kawaida"

Mara ya kwanza nilihesabu milioni sitini na mbili.
Mara ya pili, sabini kasoro.
Ziliogelea vyema,
mikia ikichapa kama viluwiluwi wa mwezi Mei
mtaroni nyuma ya maabara yetu, hapa Lieksa.
Nikaandika: kawaida.
Daktari akaandika: sababu haijulikani.
Na kwa miaka mitano hiyo sababu-haijulikani
ilikaa nao mezani,
ikapewa kiti.

Sampuli haina jina, ina namba.
Lakini mji ni mdogo, mwenye namba namjua kwa buti zake:
Ilpo, dereva wa gari la kusukuma theluji,
anayenifungulia njia saa kumi alfajiri
baridi ikiwa nyuzi thelathini chini ya sifuri,
naye juu ya kiti chenye umeme wa joto,
saa tisa mfululizo, bila kushuka.

Aliyechomwa sindano ni Sirkka, mkewe.
Aliyejazwa rangi kwenye mirija, akapigwa picha,
akaletewa na mama mkwe majani ya kuchemsha.
Mimba mbili zilishika. Zote zikatoka,
moja wiki ya saba, moja ya tisa,
na mara zote mbili mji ulimtazama yeye.
Ilpo alidaiwa kikombe kimoja cha plastiki.
Kikombe hicho nilikipima mimi.

Mwaka huu tumeletewa kipimo kipya.
Unazitandaza mbegu ndani ya ute, unamwaga asidi,
unangoja.
Iliyo nzima hufumuka: nyuzi zake za urithi
hutoka nje zikawa duara la nuru,
mwezi uliojifunga kilemba cha ukungu.
Iliyokatikakatika haifumui kitu. Nukta tu.
Ile ile iliyoogelea, ikafika, ikabisha hodi,
mkononi barua iliyochanika.

Nilihesabu mia tano.
Mia mbili na tano hazikuwa na nuru.
Nikarudia kuhesabu, nikitaka nimekosea.
Kisha nikatoka, nikasimama kwenye theluji
aliyoisukuma yeye.

Mficha uchi hazai, walinena walionena.
Huyu alificha nini?
Kila Jumamosi tangu utotoni, uchi mbele ya kaka zake,
ndani ya sauna ya mbao kando ya ziwa,
maji yakifoka juu ya mawe ya moto.
Uchi wake mji mzima unaujua.
Ndani ya kichwa cha mbegu ndiko hatukuchungulia,
na wa kwanza kutochungulia ni mimi,
niliyependezwa na mikia.

Ameambiwa: siku sabini na nne,
ndizo za mbegu mpya kuiva.
Asiingie kwenye joto. Azime kiti. Aache sigara.
Huenda ikasaidia.
Alipouliza ni kipi hasa kilichozikata,
joto, moshi, umri, au bahati mbaya tu,
daktari alifuta miwani yake.

Jumamosi nilimkuta
kwenye ngazi za sauna, koti hadi kidevuni,
bia ikimgandia mkononi.
Kaka zake walimwita kutoka ndani, wakicheka:
umezeeka?
Nina mafua, akasema.
Nikapita na taulo langu kuelekea upande wa wanawake.
Alisogea kunipisha. Tukasalimiana
kama watu wasiodaiana chochote.

Leo ni siku ya kumi na tisa.
Nami nazihesabu.