Kipilefti cha Samaki

Kwetu Bukavu gari hupita kulia.
Naandika hivyo halafu nasita,
maana neno lenyewe lina milango mitatu:
ni mkono, ni kula, ni machozi,
na mimi miaka kumi na tisa, nikiendesha gari la wagonjwa,
nilipita yote.

Hapa Mwanza hupita kushoto.
Usukani umehama, nami nimehama,
ila mkono haujapata habari:
unatafuta gia, unagonga mlango.
Nikitaka kuonyesha kwamba nakata kona pale Nyakahoja
nawasha waipa. Agosti, kioo kikavu,
zinakwaruza vumbi, kwi, kwi,
na kijana wa bodaboda anauliza
kama mvua naiona peke yangu.

Dirishani nilisukuma permi yangu,
karatasi ya waridi, imekunjwa mara nne,
ina doa la ayodini penye tarehe.
“Hii nini?”
Permi.
“Leseni?”
Leseni.
“Mbona Kifaransa? Katafsiri, ugongewe muhuri,
kapime macho, halafu trafiki wakuone.”
Minza hakuwa mkali.
Alikuwa akila karanga moja moja
kama anayehesabu watu.

Kwa daktari nilisoma herufi hadi mstari wa chini kabisa,
ule wa sisimizi.
Akaniuliza nilijifunzia wapi kuona namna hiyo.
Usiku, nikamjibu. Bila taa.
Taa zilikuwa zinaita risasi.
Akaandika: macho mazima.

Afande Kwilasa aliketi kando yangu, faili magotini.
“Miaka kumi na tisa?”
Ndiyo.
“Umegonga wangapi?”
Mbuzi mmoja. Nililipa.

Ndipo tukakifikia kipilefti cha Samaki.
Kwetu tunaita rompwe,
na tunaizunguka kinyume cha saa,
kana kwamba ukizidisha mizunguko utafika jana,
utamkuta mtu bado kasimama mlangoni
na funguo mkononi, anasema, usichelewe.
Hapa mnazunguka na saa.

Nikasimama.
Honi nyuma yangu, moja, kisha ukoo mzima wa honi.
Nikajiambia: kushoto, Nsimire, kushoto,
mkono usiolia.
Nikaingia.

Nilimzunguka samaki yule mara tatu.
Ya kwanza kwa woga.
Ya pili kwa hasira, sijui ya nani.
Ya tatu, nadhani, kwa raha tu,
ziwa likitokea kati ya nyumba, likipotea, likitokea,
na mawe ya mlimani yamepandana
bila kuulizana nani alikuja lini.
“Toka sasa,” alisema Afande,
“samaki amekwisha kukuzoea.”

Wiki mbili, kadi ikatoka.
Picha ni yangu, nimekunja uso kama mdaiwa.
Jina: SIMILE.
Minza akaliona, akacheka hadi karanga zikamwagika.
“Si vibaya, dada! Simile, simile!
Watu watakupisha wenyewe.”
Kweli. Dereva wa wagonjwa angetaka jina gani tena?
Hata mchukuzi wa gunia pale Makoroboi
hana jingine la kufungulia njia.
Nikacheka naye.
Kisha nikairudisha kadi chini ya kioo.

Anza upya, nikasema. Kuna N mbele.
Na hiyo L ni R.

“Utasubiri tena wiki mbili.”

Nitasubiri.
Nimewaachia upande mzima wa barabara,
gia, indiketa, rompwe, permi,
hata mutuka siku hizi naiita gari.
Herufi mbili hizi nazitaka.

Akaniangalia kidogo.
Akavuta fomu mpya, akaniuliza, taratibu,
Nsi, halafu?

Nikatoka kwa miguu, njaa imenikamata,
nikaagiza sato na ugali, nikala kwa mkono ule ule wa zamani.
Wakati wa kuvuka barabara nilitazama upande usio.
Nikarudi nyuma hatua moja.
Nikatazama tena.