Kupokea Si Kuweka

Saa kumi na dakika saba, ghalani Isevya,
Kabula alisoma mzani: ishirini na nne nukta sita.
Nikaandika. Nshoma Kapela, wa Sikonge, ndoo moja,
asali nyeusi ya miombo, imebaki na harufu ya moshi.
Nikabonyeza hifadhi. Kompyuta ikajibu: tayari.
Umeme ukakatika.

Uliporudi usiku, safu tatu za mwisho hazikuwepo.
Kiooni hapakuwa na kosa hata moja.
Hilo ndilo lililoniuma.

Mihayo, fundi wa karibu na stesheni,
alichomoa diski, nyembamba kama biskuti,
akaigeuza kwenye mwanga wa mlango.
"Neno lako limepita mikono mingi," akasema.
"Programu ilimpa mfumo wa mafaili.
Mfumo ukalishika kwanza, likangoja wenzake,
treni haing'oki kwa abiria mmoja.
Ukaandika nia yake kwenye daftari lake:
nitaweka hiki, pale.
Ukaiamuru diski: shusha vyote, kisha uniambie.
Diski ikasema, nimeshusha."

Ikadanganya?

"Ilikuwa imepokea. Kupokea si kuweka.
Ina kibaraza cha haraka mlangoni,
mzigo unatua hapo, kwa kuwa kule ndani
seli ni nzito kuandika na zinachakaa.
Zile za bei zina vikapasita, hivi, kama punje za mtama:
umeme ukikata, zinabaki na pumzi
ya kumalizia sentensi.
Hii yako ya elfu hamsini haina pumzi."

Na mfumo ulipoamka, ukalisoma daftari,
ukakuta nia isiyo na tamati,
ukaifuta kwa adabu, ukaendelea na kazi.
Kwake yeye, Nshoma hakuja.

Nilirudi kwa miguu nikiwaza sega.
Nyuki naye ana kibaraza chake, tumboni.
Anapokezana mdomo kwa mdomo, anamwaga,
anapunga mbawa usiku kucha maji yapungue,
na mpaka asali iive
haweki nta.
Sijaona nyuki aliyeziba kijumba kitupu
akatangaza tayari.

Siku hizi nimekizima kile kibaraza.
Kila safu inangoja hadi iguse ndani.
Foleni inafika nje, hadi kwenye baiskeli,
wanapiga miluzi, wananiita kobe.
Kabula anasema, "Umeandika?"
"Bado."
"Bado nini, si umebonyeza?"
"Bado."

Nshoma alikuja Jumanne.
Asali yake ilikwisha kumiminwa kwenye pipa,
imechanganyika na ya watu kumi na wanane,
hakuna wa kuichambua.
Hakuuliza habari za diski.
Aliinama juu ya meza, akataja, polepole,
kama mtu anayemsomea mtoto imla:
ishirini na nne.
Nukta.
Sita.

Nikaandika. Nikangoja.
Naye akangoja nami, kofia mkononi,
akikitazama kitaa cha kijani kikipepesa.