Kwa Shaame, Aliyesema Ijumaa

Picha za harusi yako, nilizipiga Gombani,
Hata chozi la mamako, lilinaswa kamerani,
Ukasema, "Pesa yako, Ijumaa mkononi."
Ijumaa gani hiyo, isokuwa na tarehe?

Ankara nimetuma, ya pili, sasa ya tatu,
Tiki zasema wasoma, wala hunijibu katu,
Sokoni huniandama, kwa sifa mbele za watu.
Ijumaa gani hiyo, isokuwa na tarehe?

Mkeo kapata wana, pacha, wameshatambaa,
Deni, kaka yao, bwana, chali bado lashangaa,
Juzi waniita tena, niwapige Ijumaa!
Nitakuja siku hiyo, isokuwa na tarehe.